Mukongwe Agoma Kuwaka Mbele ya Uruguay

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya mgeni, mbele ya mama zetu wa shirika, na mbele ya mama aliyenizaa. Na mbele ya Uruguay pia. (Sawa, si nchi nzima. Ni ukoo mmoja. Lakini ni ukoo mkubwa.)

Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa video.

Wengi wenu mnamfahamu Mukongwe, ile Coccinelle, gari dogo la mgongo wa kobe, ya marehemu papa, baba yangu. Rangi yake ni bluu ya madawati ya shule, kwa sababu papa alipewa rangi iliyobaki siku shule ya parokia ilipopakwa. Mukongwe ana taa, ana viti, ana honi ya kuamsha wafu. Kitu kimoja tu hana: démarreur, kile chombo cha kuwashia injini. Yaani unazungusha ufunguo na injini wala haijui kama umefika. Papa alikipeleka chombo hicho kwa fundi mmoja wa Kadutu, fundi akasema kesho. Papa ametutoka, fundi amezeeka, na bado ni kesho.

Lakini sisi tunakaa Muhungu, juu, na kwa mtu wa mlimani démarreur ni anasa. Unaegesha gari pua ikitazama bonde. Unaachia breki, linateremka, unaingiza vitesse, yaani gia, ya pili, linawaka. Siku likilala vibaya, majirani wanasukuma. Siku ya Misa ndiyo desturi kabisa: mama wa shirika letu, wale tunaosali nao mtaani, wanaweka vitabu vyao vya nyimbo kwenye kiti, wanasukuma huku wanaimba, kisha wanaingia wanaoenea na safari inaanza. Mama yangu ana nafasi yake, kona ya nyuma kushoto. Hakuna anayemgusia nafasi hiyo.

Basi akaja Papa Rubén. Ni mtu wa Uruguay, kule Amerika ya Kusini, yuko Bukavu kwa kazi ya mabomba ya maji. Anasema kwao gari kuukuu halitupwi. Watu wanalirithi, wanalifuta vumbi, na Jumapili wanalitembeza polepole kama bibi aliyetoka hospitali. Wengine wanaondoka nchini kwenda kutafuta magari ya zamani ya wengine, wanayarudisha kwa meli. Baba yake alikuwa na Coccinelle ya bluu. Alipomwona Mukongwe kwenye mteremko wetu, alivua kofia. Naapa, alivua kofia. Akataka kumnunua, ampandishe lori hadi bandari ya Dar es Salaam, amwingize kwenye konteneri, wavuke bahari pamoja.

Akaniuliza swali moja tu: linawaka lenyewe? Kwa sababu gari lazima lipande lenyewe kwenye lori, liingie lenyewe kwenye konteneri, na huko bandarini hana ndugu wa kulisukuma.

Nikamjibu, « Papa Rubén, démarreur ya hii gari haijasumbua mutu miaka yote hii. »

(Ukiitazama vizuri sentensi hiyo, ni kweli kabisa. Ndivyo nilivyojifariji.)

Mniamini, sikuwa na roho mbaya. Nilitaka sana Mukongwe aende. Hapa kwetu mvua inamla na kuku wa jirani wanalala chini yake. Kule kuna watu wanaomvulia kofia. Nilishamwona akitembezwa kando ya bahari, amepigwa polishi, na watoto wa wenyewe wanauliza alitoka wapi.

Mama naye alikubali, kwa sharti moja. « Uzisha, » aliniambia. « Lakini gari ya papa yako isiuzishwe na uongo. » Nikasema ndiyo, maman. Sikumwambia kwamba uongo ulikuwa umeshatangulia.

Sasa leo Jumamosi ndiyo siku ya kujaribu gari. Tangu alfajiri nimemweka Mukongwe vizuri, pua bondeni. Nimepita kwa majirani wote kuwaomba: leo asinisukume mtu. Hata mkiniona nimekwama, nipiteni kama hamnijui. Mama Régine, kiongozi wa shirika, mwalimu mstaafu, akacheka akasema nisiwe na hofu, leo hawapo, wanaenda kusalimia mtoto mchanga. Sikuuliza wapi. (Kosa la pili. La kwanza mnalijua.)

Papa Rubén akafika. Tukaingia. Nikaanza kumpigia stori ya mvua ya usiku, huku mguu unaachia breki kimyakimya. Mukongwe akateremka, nikazungusha ufunguo kwa madaha ili auone mkono wangu, nikaachia embrayage, ile klachi, akanguruma. Papa Rubén akapiga makofi. Hakugundua kitu. Nilijisikia fundi, nilijisikia mfanyabiashara wa kimataifa.

Kisha akaomba aendeshe yeye mwenyewe, hadi kwake Nguba, apime kama gari litaenea kwenye konteneri. Ningekataaje? Njia nzima nilikuwa nasali salamu Maria. Yeye anapiga honi kila kona, anasalimia watu, amefurahi kama bwana arusi. Nikamweleza kwamba tukifika tusizime, injini ya zamani inapenda kunguruma kidogo. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani alifikiri ninaisifu tu.

Mnaijua Nguba. Unateremka, unateremka, halafu ziwa. Kwake ni chini kabisa, kwenye maji. Uwanja wote ni saruji, tambarare kama meza ya biliadi. Mahali pekee palipoinama ni pale panapoingia ziwani. Papa Rubén akaegesha katikati ya uwanja, akashusha pumzi ya furaha, akazima.

Kimya. Nikayasikia mawimbi ya Kivu yakigonga ukuta.

Akapima mbele, akapima nyuma, akasema anaenea. Akataka kuwasha tena. Nikamzuia. Nikamwambia gari hili ni mzee wa heshima, likizimwa hupumzika kwanza. Maneno hayo yalimwingia moyoni. Akaingia ndani akarudi na kibuyu kidogo chenye mrija wa chuma, akavuta, akanipa na mimi nivute. Nikafurahi, nikajua kumbe na wao wana kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikavuta kwa nguvu, kama kwetu matangani.

Si kasiksi, jamani. Ni majani machungu, yenye maji ya moto. Ulimi wangu umeungua hadi sasa ninapoandika. Lakini ilikuwa inanipa muda, basi kila akijaza, navuta. Machozi yananitoka, naye anadhani nimeguswa.

Muda nao ukaisha. Papa Rubén akatoa simu, akawapigia kwao kwa video. Huko ndiyo kwanza kunapambazuka. Akatokea kaka yake, wakatokea wapwa, akatokea mama yao mzee amejifunika shali juu ya gauni la kulalia. Wote wameamshwa kwa ajili ya Mukongwe. Bibi kizee akambusu kwenye kioo cha simu, akisema ni lile lile, ni la mume wake. Kisha wakaomba jambo dogo sana: waisikie injini.

Papa Rubén akanielekezea simu. Nikaketi. Nikazungusha ufunguo.

Tk.

Uruguay yote ikasogeza masikio. Nikazungusha tena. Tk. Papa Rubén akanitazama. Mimi nikamwambia, na ninyi mnisamehe, nikamwambia kwamba pengine mtandao, hii réseau, haibebi sauti.

Yeye yuko mita mbili kutoka kwenye gari.

Hapo ndipo nikasikia wimbo barabarani. Niliujua wimbo huo, nikatamani ziwa lije linichukue. Mama wa shirika, wamevaa kitenge kimoja, wanatoka kusalimia mtoto mchanga. Nyumba ya tatu kutoka kwa Papa Rubén. Lango liko wazi. Wanapita, Mama Régine anageuza shingo, anamwona Mukongwe amesimama na mimi ndani nimeinamia usukani.

Hakuna aliyeuliza, wala aliyekumbuka ombi langu la alfajiri. Waliingia wote. Wakaweka mikoba chini, wakakunja vitenge, kila mmoja akaenda mahali pake nyuma ya gari. Mimi nawafanyia ishara kwa macho: hapana, hapana. Wao wanadhani natoa hesabu ya kuanza. Na wakaanza wimbo wetu wa siku ya Misa:

« Mukongwe amuka, kengele imelia,
Démarreur iko Kadutu, mikono iko hapa. »

Papa Rubén hajui Kiswahili kingi. Lakini démarreur ni démarreur. Nililiona neno likimfikia. Akainua mkono, wimbo ukakatika.

Na kwenye kona ya nyuma kushoto, mikono ikiwa juu ya bati, alisimama mama yangu.

« Déo, » akaita. « Ulimuambia? »

Nikatazama ziwa.

« Déo. »

« Bado, maman. »

Akajipangusa mikono, akaja mbele, akamwamkia Papa Rubén kwa mikono miwili. Akazungumza polepole, na Mama Régine akawa anatafsiri kwa Kifaransa neno kwa neno, kama anatoa dictée darasani. (Kwa raha zake. Sitamsahau.)

« Papa, hii gari haina démarreur tangu miye niko muke mupya. Bwana yangu alikuwa anakaa ku volant, miye nasukuma nyuma. Ikisha kuwaka, nakimbia, naruka ndani. Kila dimanche, kwenda ku Misa. Miye sijawahi kukaa ndani wakati inawaka, ata siku moja. Mutoto wangu alikudanganya, utusamehe. »

Jamani, niliumia. Si kwa sababu ya kuumbuliwa, hilo nilishalizoea toka kwenye ule mrija. Nimekaa ndani ya gari hilo tangu nikiwa mtoto, kiti cha nyuma, najiona mtoto wa bosi. Sijawahi hata mara moja kujiuliza mbona mama huingia anahema.

Papa Rubén naye akawatafsiria wa kwao. Bibi kizee akaweka mkono mdomoni. Kaka akatoweka kwenye simu, tukasikia vitu vinaanguka, akarudi ameinua chuma kimejaa grisi. Mimi nilikijua kabla sijaambiwa. Démarreur ya Coccinelle. Huko kwao kila mtu anazo kwenye rafu, kama sisi tunavyoweka masufuria. Akasema ataituma na mwenzao wa kazi anayekuja Bukavu karibuni. Kwa hiyo démarreur itavuka bahari kuja kumchukua Mukongwe, halafu warudi pamoja.

Papa Rubén akamuuliza mama kama bado anakubali kuuza. Mama akafikiri.

« Nakubali. Lakini ikifika, dimanche ya kwanza ni yangu. Nitakaa mbele, nimevaa kitenge yangu muzuri, na ufunguo nitaizungusha miye mwenyewe. Kisha muibebe. »

Papa Rubén akavua kofia tena. Safari hii si kwa gari.

Mambo yakawa mazuri, au ndivyo nilivyofikiri. Mama Régine akasema basi Mukongwe arudi nyumbani kwa njia anayoijua. Wakarudi nyuma, Papa Rubén akaomba nafasi naye, akawekwa karibu na mama. Wakasukuma, wimbo ukapanda, tukazunguka uwanja mzima, nikaachia embrayage kidogo kabla ya kufika majini. Mukongwe akanguruma. Uruguay ikapiga kelele kwenye simu. Bibi kizee analia, wapwa wanarukaruka, mama yangu anacheka ameshika kiuno, anahema.

Nami nikajawa na furaha na aibu pamoja, nikaona siwezi kumwomba mama msamaha nikiwa nimekaa. Mzazi haombwi msamaha kupitia dirishani. Nikafungua mlango, nikashuka kwa adabu, nikamshika mikono.

Na kabla ya kushuka, kama mtu aliyelelewa vizuri, nilizima gari.

Wimbo uliisha taratibu, sauti moja baada ya nyingine. Mama Régine akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia darasa la tatu.

« Déo. Umezima? »

Papa Rubén aliketi chini kwenye saruji, akacheka mpaka simu ikamwanguka. Mama wa shirika waliokota mikoba yao mmoja mmoja, wakasema kusukuma mara mbili kwa siku moja hakuko kwenye sala za shirika, wakaenda zao. Mama yangu aliondoka nao. Nimepanda kwa mguu hadi Muhungu, na kila kibanda nilichopita kilikuwa kimeshaiona video iliyorekodiwa na mama mmoja wa shirika.

Mukongwe amelala Nguba, uso kwenye ziwa. Nawaomba msinicheke. Na ambaye ameshindwa kabisa kujizuia, kesho baada ya Misa ya kwanza aje achekee pale, nyuma ya gari, mikono kwenye bati. Kona ya kushoto ina mwenyewe.