Mama Pini na Vita vya Neno Haya

Jongeeni, enyi mliowahi kushikilia simu sikioni mkichezewa muziki usiokwisha. Njooni nyote mliowahi kununua kifurushi asubuhi kikawaaga mchana. Kaeni, wenye viti na wasio na viti, zimeni milio ya simu zenu, mnisikilize. Nitasimulia habari za Mama Pini, fundi cherehani, mshika mkasi, mpiga pindo, mwanamke ambaye midomo yake hubana chuma tangu asubuhi hadi jioni na bado hupata nafasi ya kusema. Nitasimulia jinsi alivyoiendea ngome ya vioo ya kampuni ya simu bila upanga wala wakili, akatoka na ushindi ambao haukumwaga damu ya mtu, isipokuwa yake mwenyewe, kidogo, kidoleni, na hiyo ilikuwa sindano.

Nawe lugha yetu, nisaidie. Wewe uliona mapema kwamba jambo hili lingekuja kuwa vita, ukatupa maneno ya vita: kwamba simu hupigwa, na simu hukatwa, na katikati ya kupiga na kukata ndimo hupita mapenzi yote ya watu walio mbali.

Mama Pini ana dada. Dada huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha kushona, na kwa miaka mingi walikaa cherehani kwa cherehani katika chumba kimoja cha mbele, wakigombania dirisha. Kisha Dada akaanguka bafuni, akavunjika nyonga, na mwanawe akamchukua wakaishi mbali sana na hapa, katika nyumba ambayo watu wote huondoka asubuhi na kurudi wamechoka. Tangu hapo Dada hutazama nje, akikusanya anayoyaona kama mtu anayeokota vifungo vilivyoanguka, na jioni taa zinapowashwa hungoja simu ilie.

Nayo ililia kila jioni, kwa nguvu za Kifurushi cha Soga. Ee Soga, kifurushi cha kale, chenye bei ya watu, uliyemruhusu mtu kuongea jioni nzima bila kutazama saa. Mama Pini alikuwa akiweka simu kwenye rafu juu ya cherehani, sauti ameifungua yote, na mimi ninayepakana naye ukuta nimezisikia soga hizo. Sehemu kubwa ilikuwa kimya. Cherehani ilienda huku, Dada akaisikiliza kule, kisha akasema, "Umelegeza uzi." Na kweli alikuwa amelegeza.

Ndipo bei zikaamka. Zilipanda kama jeshi linalopanda ngazi, na mtaa wetu ukaanza kuanguka nyumba kwa nyumba. Kinyozi wa kona alikimbilia kampuni ya pili, akakuta na huko zimeamka, akarudi kimyakimya na laini yake ya zamani kama askari aliyetoroka vita akaangukia vita vingine. Mwalimu wa ghorofani, mtu wa heshima zake, akawa anabipu. Wakwe wakaanza kutumiana salamu za neno moja. Ni Mama Pini peke yake aliyesimama katikati ya vumbi bila kuguswa, kwa kuwa sheria ya kampuni ilisema aliye na Soga hataondolewa katika Soga mpaka mwenyewe aridhie. Na nani angeridhia?

Basi sikilizeni jinsi adui alivyoingia.

Alasiri moja shujaa wetu alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi harusi mtarajiwa, akimpimia pindo, pini zimejaa mdomoni kama meno ya ziada. Simu ikalia. Akaipokea kwa bega. Haikuwa Dada, haikuwa mteja, ilikuwa Sauti. Naam, Sauti yenyewe, ile ya mwanamke asiyevuta pumzi, tamu kama sharubati na isiyo na mwili nyuma yake. Ilimwita mteja wetu mpendwa. Ilimweleza kwamba kampuni, kwa kumjali, imemwandalia Kifurushi cha Upeo, chenye mambo makubwa zaidi kwa nyongeza ndogo tu ya bei, kisha ikamuuliza kama yuko tayari kuhamia leo.

Mama Pini hakulelewa kumkatia mtu simu. Aliingoja Sauti imalize, akahakikisha imemaliza, na kupitia katikati ya pini akatamka neno ambalo kila mmoja wetu hutamka anapotaka kuondoka simuni kwa adabu.

"Haya," akasema. Akabonyeza kitufe chekundu, akarudi kwenye pindo.

Jioni ile Dada alikuwa na habari nzito. Jirani wa mbele alikuwa anapaka nyumba yake rangi, na si rangi ya kawaida, ni rangi ambayo Dada alikuwa bado anaitafutia jina. Alikuwa ameeleza ukuta wa kwanza wote. Alikuwa ameingia ukuta wa pili. Simu ikakatika.

Upeo, wasikilizaji wangu, ulikuwa na milima ya video na mito ya muziki, lakini maongezi yake yalikuwa kijiko. Na simu ya Mama Pini ni ya vitufe. Ina tochi na ina mchezo wa nyoka. Alipewa bahari mtu asiye na hata beseni.

Hilo angelivumilia. Asichoweza kuvumilia kilikuja kesho yake, ujumbe mfupi kutoka kwa simu ya mpwa wake, ulioandikwa kwa maneno ya Dada: "Jana ulinikatia. Kama umechoka na habari zangu za dirishani niambie tu, mdogo wangu, sitakasirika."

Mama Pini aliusoma amesimama. Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha pini. Wanaomjua walielewa kwamba hiyo ilikuwa ngoma ya vita.

Kwanza alipiga simu ya huduma kwa wateja. Ikapokea Sauti. Akaisalimu, kwa kuwa adui naye husalimiwa, haikuitikia. Ikamwambia abonyeze moja, akabonyeza. Ikamwambia abonyeze tatu, akabonyeza. Ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana kwao, kisha ikamwachia muziki, naye akashona suruali nzima ya shule kwa mdundo ule, kiuno na mifuko, mpaka simu ikakatwa bila hata kuagwa. Hata Sauti, akasema, ingeweza kusema haya.

Asubuhi iliyofuata alijivika gauni lake la kola, akatia kitambulisho mkobani, akatoka. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Aliisahau, na hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa kuwa ilimkaa kama nishani. Mimi nilimfuata nikiwa na shida yangu ya laini hiyohiyo, na kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Ofisi ile ni ya vioo kila upande. Mlinzi alitukabidhi vikaratasi vya namba, tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya kiyoyozi kilichotupuliza kama tumetenda kosa. Pale palikuwa na majeruhi wa kila aina. Mzee mmoja aliunganishwa na nyimbo asizozijua. Mama mmoja mwenye kilemba cha bluu alikuwa analipia utabiri wa nyota. Mzee akauliza, kampuni hii haina haya? Mwenye kilemba akamjibu, "Haina, baba. Ndiyo maana inakuja kuazima ya kwetu."

Namba ikaitwa. Shujaa akasogea.

Nyuma ya meza alikaa kijana wa tai, mpole, macho mekundu kwa kutazama skrini. Simu yake mwenyewe ilikuwa kando ya kibodi, imelala kifudifudi, na kila mara ilitetemeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kurudishiwa Soga yangu."

Kijana akabofya, akatazama, akasema kwa huruma kwamba haiwezekani, mama mwenyewe aliridhia kuhama. Mama Pini akasema hakuridhia. Kijana akasema mtambo unaonyesha. Mama Pini akasema mtambo unasingizia watu. Ndipo kijana, bila kujua anachokifungua, akasema hakuna haja ya kubishana, sauti imehifadhiwa, akageuza spika na kubofya.

Ukumbi mzima ukasikia. Ilitoka pale juu ya meza sauti ya Mama Pini, nzito kwa pini, iliyochoka kidogo, yenye adabu zake zote.

"Haya."

Mlinzi akaacha kutoa vikaratasi. Nilitamani kufumba macho, maana nilidhani hapo ndipo vita vimeisha.

Lakini Mama Pini akainua futi yake kwa mkono mmoja, akahutubia. "Mwanangu, hiyo ni haya ya kumaliza simu. Si ya kukubali. Mimi nimeongea na dada yangu maisha yangu yote, na kila jioni namwambia haya, haya basi, haya. Ningekuwa nakubali jambo kila nikisema hivyo, leo ningekuwa nimekubali dunia yote."

Kijana akasema anaelewa, ila mtambo haujui tofauti. Na wakati huohuo simu yake ikatetemeka tena, ikajisukuma yenyewe hadi ukingoni mwa meza na kujipindua. Kwenye kioo iliandikwa MAMA.

"Pokea," akasema Mama Pini.

"Niko kazini, mama."

"Mama hasubirishwi muziki. Pokea."

Akapokea, ameinamisha kichwa. Kutoka upande wa pili tulisikia tu mvumo, kama wa cherehani ya mbali. Yeye akasema ndiyo mama, akasema nimekuelewa mama, kisha akasema, "Haya. Haya, mama. Haya basi. Haya." Akaiweka chini.

"Anasemaje mzazi?" akauliza shujaa.

Masikio ya kijana yakawaka. Akasema mama yake anataka yeye aoe kabla mwaka haujaisha, binti wa shoga yake, ameshaongea na wazazi wa binti.

"Na wewe umekubali kuoa?"

"Hapana, mama, mimi nilikuwa namalizia simu tu."

Enyi mnaosikiliza, sijawahi kuona neno likimgeukia mtu waziwazi namna ile. Lilisimama mdomoni mwake, likamtazama, nasi tukalitazama. Mwenye kilemba cha bluu akajifunika uso kwa mkoba wake akacheka mpaka kiti kikasogea. Mzee akaniegemea begani kama tumesoma pamoja. Kijana akamtazama Mama Pini, akatazama spika, kisha, na hapa ndipo niliposadiki kwamba mioyo ya watu bado inafanya kazi, akatabasamu na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, dada yako yuko wapi?"

Akamweleza. Nyonga, dirisha, ukuta wa pili. Hakueleza kwa kirefu.

Kijana akanyoosha tai. Akanyanyua simu ya mezani, ile ya waya, akampigia bosi wake wa juu. Akatetea kama wakili. Alisema kuna tatizo la maana ya neno, alisema mteja alikuwa na pini mdomoni, alisema ushahidi upo na mashahidi wapo ukumbi mzima. Kisha akasikiliza, nasi tukasogeza viti karibu. Hatimaye tukasikia mkwaruzo mdogo wa sauti ya kike ikimaliza. Kijana akaishusha simu.

"Amesemaje?" mzee akauliza.

"Amesema haya."

Ukumbi ukaguna. Kijana akarudisha simu mdomoni, na kwa ujasiri ambao hakufundishwa na chuo chochote akauliza, "Samahani, bosi. Hiyo haya ni ya kukubali au ya kumaliza simu?"

Kiyoyozi peke yake ndicho kilichoendelea kusema. Kisha sauti ikajibu neno, na kijana akaziba simu kwa kiganja, akatugeukia.

"Ya kukubali."

Sitaeleza vigelegele. Mlinzi alijaribu kutunyamazisha huku naye anacheka. Kidole kikashuka juu ya kitufe, na Soga ikarudi pale ilipotoka. Mzee akasimama na kusema hata yeye alisema haya. Mwingine akasema haya, wa nyuma akasema haya, mimi mwenyewe nikainua mkono. Mwenye kilemba akakiri kwamba yeye alisema "mm" tu. Kijana akashika kichwa. "Ya mm," akasema, "itabidi niulize."

Bei hazikushuka siku ile, wala kinyozi hakupata nafuu. Hata hivyo iandikwe, na wasome watakaokuja, kwamba mtambo uliambiwa haujui Kiswahili, ukasahihishwa.

Jioni Mama Pini akaweka simu kwenye rafu, akapiga. Ikalia mara nyingi, halafu ikapokelewa na mtu aliyejikaza asionekane alikuwa anangoja.

"Nilidhani umenichoka," Dada akasema.

"Nilikuwa vitani."

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Haya," akasema Dada. "Tulikuwa ukuta wa pili."

Nikasikia cherehani ikianza. Ukuta wa pili ukapakwa, ukapakwa wa tatu, rangi ikapata jina, uzi ukalegea na ukakazwa. Muda wa kulala ulipofika wakaanza kuagana. Haya, ikasema ncha moja ya dunia. Haya basi, ikajibu ya pili. Haya. Haya, mdogo wangu. Haya, dada. Na hakuna hata mmoja wao aliyekubali kukata.