Daktari Wenu Ananiambia Kila Kitu

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, na usinione sina adabu. Wa kulia umeviringishwa bandeji kama mtoto mchanga. Mimi ni kinyozi wa pale karibu na kituo cha mafuta. Nimenyoa mabaharia wa kila rangi, na bondia mmoja aliyelia nilipomgusa kisogo. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya kuona imenitosha.

Namlalamikia daktari wako wa upasuaji, yule dada mwenye miwani. Sababu ni hizi:

1. Nililetwa hapa gumba limevimba kama kitunguu. Aliyeniuma ni chatu wangu, jina lake Shemeji, na jino kaliacha humo ndani. Nilitegemea daktari aseme pole, atoe jino, niende zangu. Yeye akavuta kiti, akaketi, akaanza: gumba laweza kubaki gumu, laweza kufa ganzi moja kwa moja, usaha waweza kurudi. Na nusukaputi, kwa watu wachache sana... Hapo nikamzuia. Mtu hajaanza safari, unamwonyesha makaburi ya njiani?

2. Alinipa fomu ya ridhaa, akanikataza kutia sahihi kabla sijaelewa. Mheshimiwa, mimi nimetia sahihi mambo mengi, ndoa ikiwemo, na hakuna aliyewahi kuniwekea sharti hilo.

3. Akaniuliza kama nina swali. Ninalo moja tu: je, nitashika tena mashine ya kunyolea? Maana gumba hili ndilo linalolisha mke, watoto wanne na mama yangu mzazi. Akanijibu, "Kaka, nadhani ndiyo. Lakini nikikuahidi, nitakuwa nakudanganya." Fundi bomba wa kitanda cha pili aliacha kutafuna.

4. Sasa nikupe somo la bure la kuongea na wateja. Kwangu, anayesubiri zamu huvalishwa Shemeji shingoni, akapigwa picha. Miaka mitano sijamweleza mtu hatari yoyote. Nasema tu nyoka huyu ni mpole kunishinda mimi, na wote wanacheka. Ningewaambia kwamba chatu hashikwi siku ya kulishwa, kwamba mkono ulioshika kuku kwake ni kuku, nani angekubali? Siku ile niliyoumwa nilikuwa ndio kwanza nimeshika kuku wake, sijanawa, na mwalimu mmoja ana haraka ya picha. Kwa kuwa hakujua kitu, alitabasamu mpaka mwisho. Mke wangu anasema ni bahati lilikuwa gumba langu, si shavu la mwalimu. Hilo siliingizi humu, halihusiani na malalamiko.

5. Hivyo naomba daktari huyo akatazwe kusema ukweli kwa wagonjwa wenye familia. Fomu zichapwe upya, ziwe na neno moja: UTAPONA. Ikibidi, mlango wa chumba cha upasuaji uandikwe SALUNI, mtu aingie akidhani anakwenda kupunguzwa nywele.

Wasalimie wauguzi wote, na mlinzi wa geti aliyenirudisha jana nikitoroka na gauni lenu, ambalo kwa nyuma halina habari.

Mimi mtiifu wako, mpaka sasa,
Kinyozi, kitanda namba saba.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha amepita daktari mwingine, bwana mtanashati. Kanigonga bega, kasema ni kazi ndogo, nisiwaze lolote. Nikamuuliza ni kipi kinachoweza kuharibika. Akasema hakuna. Mheshimiwa, jasho lilinitoka mpaka likalowesha bandeji. Sauti ile naijua. Ni yangu mwenyewe. Nimemtuma muuguzi akaniitie yule dada. Fomu nimeisoma mara tatu na kutia sahihi. Kesho asubuhi anipasue yeye, si mwingine. Malalamiko haya yachane. Imebaki barua moja ya kuandika, kwa yule mwalimu wa picha, na nimekaa saa nzima sijavuka neno "Samahani".