Mashine ya Masista na Majoho ya Kwaya

Jumatatu, 7 Oktoba
Mota imewaka! Mashine ya tatu ya kufulia, ile ya mlango wa juu waliyoiacha masista, imezunguka tena baada ya kulala stoo miaka na miaka. Mkanda nimeutoa kwenye cherehani. Kitasa ni kifuniko cha dumu. Hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyenisaidia. Mke wangu Leonia hakupiga makofi. Alisema sebule sasa ina mashine tatu na kiti kimoja.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimekwenda Ujiji kulinganisha. Ndayiragije ndiye mtu pekee Kigoma nzima mwenye ugonjwa kama wangu, kwa hiyo simpendi. Mashine yake ni ya zamani kuliko zangu zote, rangi ya maziwa, vitasa vyake vya kuzaliwa navyo. Nikatafuta kutu kwa kidole. Haipo! Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama yangu inakamua nguo au inazitisha tu. Nimerudi bila kunywa chai yake. Sawa, nilikunywa. Vikombe viwili.

Jumatano, 9 Oktoba
Leonia ametoa hukumu. Jumapili Baba Askofu anakuja kutoa kipaimara, na majoho meupe ya kwaya, thelathini, yako kwetu kufuliwa, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kwaya. Nikajitolea. Akanitazama kama anayekagua dagaa waliolala.

"Yakitoka safi, makopo yako yakae mpaka Yesu arudi. Yakiharibika, Elia wa vyuma chakavu anayabeba yote."

Nimekubali. Hesabu iko upande wangu: majoho sita kwa mkupuo, mikupuo mitano, adhuhuri nimemaliza. Kwa mikono ni siku mbili na mgongo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Fundi mwenye akili hajaribii mashine kwenye nguo za kumpokea Askofu. Verediana, muuza dagaa wa Bangwe, alikuwa analalamika: dagaa wake walianikwa mchangani, wateja wanatafuna mchanga. Nikamwambia alete. Ndoo mbili za dagaa, maji, dakika tatu, kisha kukamua. Mchanga umetoka wote! Vichwa navyo vimetoka. Verediana akauliza atamuuzia nani dagaa wasio na vichwa. Nikamshauri aseme ni bidhaa mpya. Kaondoka bila kuaga. Watu hawapendi maendeleo.

Nimeisuuza mashine. Mara moja. Maji yakatoka meupe. Karibu meupe.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimefua! Majoho yote thelathini kambani, yanang'aa, upepo wa ziwa unayapiga. Leonia ameniita "baba" mbele ya jirani. Paka watatu wamekaa chini ya kamba tangu saa sita. Nadhani wamefuata kivuli.

Jumapili, 13 Oktoba
Wimbo wa mwanzo, vizuri. Kisha kanisa likapata joto. Joto huamsha mambo. Sauti ya kwanza wakaanza kuangaliana, sauti ya tatu wakasogea dirishani. Baba Askofu alipofika kwenye matoleo akawashukuru waumini, kwa furaha kabisa, kwa kukumbuka kuleta mazao ya ziwa.

Hakuna aliyeleta.

Nyumbani Leonia amekung'uta pindo la joho lake juu ya meza. Vichwa saba. Amevipanga vikinitazama mimi. Amempigia Elia.

Jumatatu, 14 Oktoba
Elia amekuja na mkokoteni, amepakia zote tatu. Machozi yalikuwa karibu. Ndipo nikaona kilichotangulia mkokotenini: rangi ya maziwa, vitasa vya kuzaliwa navyo! Mke wa Ndayiragije naye katoa hukumu. Elia anasema mzee alijaribu kukamulia mawese, kisha akafua mashuka ya wageni. Mawese! Kwenye mashine ya nguo! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kuna watu hawana akili.

Nimebadilishana na Elia: tatu zangu ziende, hiyo moja ibaki. Leonia aliagiza zitoke. Kuhusu kuingia hakusema kitu. Iko jiko la nje, nimeifunika mkeka.

Kesho naijaribu. Dagaa basi, nimekoma. Shemeji Leodgar anashuka kutoka Kalinzi na ndoo mbili za kahawa mbivu, anataka itolewe maganda. Kisha vitambaa vya altare, niwaoneshe.

Katikati nitasuuza. Mara moja inatosha.