Kikaratasi cha Nta

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametangaza mezani, bila hata kuinua macho kwenye sahani: siku ya harusi ya binti yetu, atakayesema kwa niaba ya familia ni kaka yake, kinyozi. Kisa? Eti mimi nikisimama mbele za watu nafanana na mtu anayehojiwa na polisi. Lo! Shemeji, aliyezoea kuongea na visogo! Nikasema baba ni mimi. Akajibu baba akae, apendeze. Imeniuma kweli.

Lakini Jumatano chama chetu cha kuzungumza hadharani kina jioni ya wageni, yenye shindano la wasemaji. Binti anakuja. Shemeji naye ni mwanachama. Nikimshinda mbele ya binti, maneno yamekwisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Chamani kila mmoja huandika mada kwenye kikaratasi, akakitumbukiza katika kopo la biskuti. Ukiitwa unachovya mkono, unasema dakika tatu juu ya ulichookota. Mimi nimeandika "Faida za subira", nikakikunja na kukipaka nta ya mshumaa. Vidole vitakitambua vyenyewe! Hotuba nimeikariri stoo ya kazini, vichekesho viwili ndani. Mhasibu alifungua mlango, akaomba radhi, akaondoka.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu shemeji hatazinyoa.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Shemeji ameitwa kabla yangu. Akachovya, akatoa kikaratasi kinachong'aa. Changu! Akaipamba hiyo subira mpaka mwalimu mstaafu, anayegonga kengele kila msemaji akisema "aaa", akasahau kazi kwa kucheka.

Zamu yangu. Nikaokota: "Mtu uliyemkosea." Kichwa kitupu. Aaa. Kengele. Aaa. Kengele. Nikamwona binti kiti cha nyuma, ameukumbatia mkoba wake, ananionea aibu. Basi nikasema tu. Kwamba siku aliyopewa zawadi shuleni, ana miaka tisa, sikuwa kazini kama nilivyodai. Nilikuwa nje ya uzio. Viatu vyangu vilikuwa vimepasuka, nikaona haya kuketi na wazazi wenzangu. Nilimwona akinitafuta kwa macho, nikainama. Miaka kumi na saba sijamwambia. Sauti ikanikatika. Kengele haikulia tena. Kadi nyekundu ya muda iliinuliwa, ikashushwa polepole.

Kupitiliza muda ni kufutwa. Shemeji ameshinda. Ila yeye mwenyewe amemwambia dada yake kwamba harusini aseme baba mtu. Na njiani binti alinishika mkono, akaniomba harusini niseme mimi, hivihivi nilivyosema leo, bila kuandika kitu. Sijawahi kupenda njia ya kurudi nyumbani kama leo.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetafakari kutwa nzima. Kumbe siri ni sauti kukatika!

Hotuba ya harusi iko tayari, kurasa tisa. Pembeni nimeweka wino mwekundu: hapa meza mate, hapa nyamaza, hesabu hadi nne, hapa sauti ikatike. Nimekatika mara sita mbele ya kioo, vizuri sana. Mke ameuliza kupitia mlango kama nimepaliwa.

Limebaki jambo la viatu. Watu sharti wavione, la sivyo hawatalia. Kwa bahati mbaya nilivyo navyo ni vizima kabisa. Kesho asubuhi nitapita kwa shemeji kuazima wembe.