Wilbert Ana Kesi

Jumatatu, 16 Juni

Habari ya mwaka. Wilbert ana kesi mahakamani! Kaniambia Athuman wa buchani huku akipima maini, na Athuman si mtu wa kuzusha. Nikamuuliza kesi ya nini. Akasema hajui, kasikia tu kwamba Wilbert alionekana mahakama ya mwanzo, mjini, kavaa koti. Mtu havai koti bure.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa kamati ya maji ni Jumapili hii. Wagombea ni wawili, Wilbert na mimi. Mkonze nzima inamwona Wilbert mtu safi. Ati mpole. Ati mizabibu yake imenyooka. Sasa nimempata. Nitaomba jalada la kesi yake, nitatoa nakala, na nakala itasahaulika kwa bahati mbaya juu ya meza ya Athuman.

Lakini nawaza. Itakuwaje Wilbert akijua ni mimi? Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jioni Damas wa pikipiki akaja tena na bahasha ya kaki. Kazi ya Damas ni kusambaza bahasha za watu, na binti wa Wilbert, Naima, anaolewa mwezi wa nane. Sihitaji kuelezwa. Kadi ya mchango! Ukiipokea tu, umeahidi, na jina lako litasomwa kikaoni. Namkwepa Damas tangu Pasaka. Dawa ni ileile: mimi bandani, nyuma ya Malkia, ng'ombe wetu, na mke wangu Loisi mlangoni akisema baba Anjelina amesafiri, yuko Kibakwe. Loisi amechoka na Kibakwe. Alisema muda ninaokaa bandani nimejificha ungetosha kutengeneza uzio wa banda. Wanawake hawaelewi siasa.

Jumanne, 17 Juni

Mjini kwa baiskeli. Pikipiki sipandi, madereva wote wanajuana na Damas. Upepo wa mbele, vumbi mdomoni, nikafika mahakamani kama mtu aliyefukuliwa.

Karani anaitwa Shakila. Binti mdogo, mtandio wa samawati, akaniamkia shikamoo baba. Nikafurahi, nikajua huyu atadanganyika. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa sheria, nafanya utafiti juu ya kesi za mtu mmoja anayeitwa Wilbert. Akaniangalia mvi. Akasema elimu haina mwisho, hongera, naomba kitambulisho cha chuo. Nikajipapasa mifuko yote, hata ile isiyokuwepo. Nikasema kimebaki bwenini.

Akanieleza kwa upole kwamba majalada hayana siri kubwa, ila yana utaratibu. Niandike barua kwa hakimu mfawidhi, nitaje majina ya pande zote mbili, namba ya kesi na sababu ya kuliomba. Majina ya pande zote mbili! Mimi najua upande mmoja tu, na huo ndio ninaoutaka.

Nilipotoka nikakuta askari mlangoni ananiangalia. Pengine alikuwa anaangalia baiskeli. Jasho lilinitoka hata hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Mbinu mpya. Nimerudi kwa Shakila nikiwa kaka wa Wilbert, na nimevaa kofia ili asinitambue. Akasema shikamoo baba, chuo hawajambo? Nikavua kofia.

Nikasema ni kweli nasoma, lakini pia ni kaka wa Wilbert, familia ina wasiwasi. Akauliza kwa nini nisimuulize Wilbert mwenyewe, kwa kuwa ni ndugu yangu. Swali la kikatili. Nikasema hatuongei. Akasema pole sana, barua bado inahitajika.

Nje ya geti kuna Kefa, mwenye kibanda cha kuchapa barua. Anajua lugha ya ofisi vizuri kuliko mabosi. Alinichapia barua yenye "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" na "ujenzi wa taifa". Pa sababu akaweka "maslahi ya umma". Nilitaka tuweke jina la uongo pa sahihi. Kefa akakataa, akasema watu wameenda ndani kwa hilo. Basi nikaweka langu, na ile "g" ikatoka na mkia mrefu.

Nikipita buchani nimemnong'oneza Athuman kwamba ushahidi uko njiani. Akanong'ona kwamba ameshawaambia watu. Kumbe hata fundi viatu anajua. Nimelala chali, naangalia bati. Kama jalada halina kitu, nimekwisha.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi.

Shakila alisoma barua. Akaangalia jina langu. Akaniangalia mimi. Akauliza kama ndimi Ignas hasa, wa Mkonze, mwenye ng'ombe. Nikasema ndiyo, kwa fahari, nikadhani sifa zangu zimefika mjini. Akasema basi baba, barua hii hukuihitaji. Mdaiwa haombi ruhusa kusoma jalada lake.

Nikamwambia amekosea, mdaiwa ni Wilbert. Akanigeuzia jalada. Mdai: Wilbert. Mdaiwa: Ignas. Mimi! Wilbert ana kesi, ndiyo, na kesi yenyewe ni mimi.

Mwezi wa tatu, Malkia alipita kwenye uzio usiotengenezwa akala kitalu chote cha miche ya zabibu ya Wilbert. Nakumbuka mwezi ule. Maziwa yalizidi, nikampongeza Malkia kwa bidii.

Bahasha za Damas hazikuwa kadi. Zilikuwa samansi, wito wa mahakama. Damas aliapa mbele ya hakimu, na kiapo chake kimeandikwa: mke wa mdaiwa alisema mdaiwa yuko Kibakwe, ila miguu ya mdaiwa ilionekana chini ya tumbo la ng'ombe. Kwa hiyo kesi ikasikilizwa upande mmoja na nimeshindwa. Ile bahasha ya Jumatatu ilikuwa taarifa ya hukumu. Nisipolipa miche, dalali wa mahakama atamchukua Malkia.

Nikakaa kwenye benchi. Shakila akaniletea maji.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemwambia Loisi. Hakufoka, na hilo limeniogopesha zaidi. Alikwenda bandani akasimama kando ya Malkia, akamshika shingo. Maziwa ya Malkia ndiyo yanayomsomesha binti yetu Anjelina kule Hombolo, chuoni. Alisema Malkia akitoka kwenye banda hili, na yeye anatoka. Loisi hatanii mambo ya ng'ombe.

Nikarudi mjini mbio, nikamweleza Shakila jinsi nilivyokuwa nakwepa kadi. Shakila akasema ipo njia: niombe hukumu itenguliwe, nieleze kwa nini sikufika, kesi ianze upya. Akanishauri niandike ukweli. Akasema hakimu ni binadamu, kadi za michango hata yeye zinamfikia.

Nilikaa kibandani kwa Kefa nikiufikiria ukweli. Unaniaibisha mno. Nimeandika kwamba nilikuwa Kibakwe kumzika mjomba. Shakila akasoma, akashusha pumzi, akagonga muhuri. Akasema hakimu atauliza mjomba gani. Akasema pia, tena akarudia polepole kama anaongea na mtoto: wito wa tarehe mpya utaletwa nyumbani, nisipofika siku hiyo, maombi yanafutwa na ng'ombe anachukuliwa.

Nikamwambia asiwe na shaka. Sasa natafuta mjomba aliyekufa Kibakwe. Niliye naye yuko Mpwapwa mjini na ana afya njema.

Jumapili, 22 Juni

Nilitaka kuumwa, Loisi akanikatalia. Mkutano ulifanyika chini ya turubai, watu wamejaa. Mjomba nimekosa. Usingizi nimekosa.

Mama mmoja, Klara, muuza vitumbua, akanyoosha mkono. Akasema mtaani kuna maneno kwamba mgombea mmoja ana kesi, tena ndugu Ignas ndiye mwenye ushahidi, tunaomba autoe. Watu wakanigeukia. Nikakohoa. Nikasema ushahidi ni mrefu.

Wilbert akasimama, mpole vilevile. Akasema ni kweli anayo kesi, ni juu ya miche na ng'ombe, na hakupenda kumtaja jirani yake mbele za watu. Hakutaja. Hakukuwa na haja, maana hapohapo Malkia, ambaye uzio wake bado, alikuja akinifuata akasimama nyuma ya kiti changu. Watu walicheka mpaka turubai likatikisika.

Nimepata kura mbili. Ya kwanza ni yangu. Loisi anasema ya pili si yake.

Baadaye Wilbert akanifuata, akanipa pole. Nikamuuliza kuhusu kadi za harusi ya Naima. Akasema hawachangishi mtu, wanafunga ndoa asubuhi na kunywa chai. Miezi yote ile nimekimbia kadi ambayo haikuchapwa.

Ijumaa, 27 Juni

Wiki nzima nimekuwa mtu mpya. Nasubiri wito. Namuomba Mungu uje kabla ya dalali. Kila pikipiki ikipita moyo unaruka.

Loisi kaenda Hombolo kumwona Anjelina. Kabla ya kuondoka aliniapisha kwamba nitaupokea wito kwa mikono miwili. Nikaapa.

Leo mchana akatokea Damas. Bahasha ya kaki. Nilitaka kutoka, mguu mmoja tayari uko mlangoni, kisha akili ikafanya kazi. Jumapili kamati imechaguliwa. Mwenyekiti ni Wilbert. Bomba la maji limepasuka. Kamati mpya, mwenyekiti mpya, bomba bovu: huo ni mchango! Wanadhani mimi mgeni.

Nikaingia bandani. Safari hii nimesoma jalada, nina maarifa: nikapanda juu ya hori la kulishia ili miguu isionekane. Damas alipiga hodi mpaka akachoka. Nikabana sauti nikamjibu kutoka bandani kwamba mwenye nyumba yuko Kibakwe. Akauliza wewe ni nani. Nikasema mjomba wake. Akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka na bahasha yake.

Sasa napumua. Malkia anatafuna, ametulia. Kilichobaki kunikosesha usingizi ni ule wito wa mahakama. Mpaka leo haujaletwa. Jumatatu nitakwenda kumlalamikia Shakila.