Nilifika kwa Tarumbeta, Nikaandikwa Sikufika

Bendi ya Shaba ya Waghmode,
Ghorofani kwa Muuza Bangili,
Mtaa wa Wafua Shaba,
Shirgaonwadi.
Siku ya kumi na mbili tangu nipokee samansi.

Kwa Mheshimiwa Msajili wa Mahakama ya Madai,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni Gajanan Waghmode, mpiga tarumbeta kwa kurithi, kiongozi wa bendi ya watu kumi na mmoja wanaowatangulia mabwana harusi wa mji huu. Mzee Pandurang Shimpi, fundi cherehani, amenishtaki kwa deni la sare za bendi, kwa sababu nilimtilia sahihi karatasi ya kuahidi kulipa. Sahihi ni yangu, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba faili lenu limeandika "mdaiwa hakufika", na msimu wa harusi unaanza mara tu baada ya sikukuu ya Diwali. Hukumu ikitoka kabla hatujasikilizwa, tarumbeta zetu zitachukuliwa, na mimi sijapata kuona bwana harusi aliyesindikizwa ukweni kwa mluzi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Samansi ilinitaka nifike ndani ya siku kumi, mimi mwenyewe au kwa wakili. Wakili sina, nikafika mwenyewe. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la karani wenu, Bwana Phadnis, tangu asubuhi hadi dirisha likafungwa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikajilaumu kwamba nimefika kinyonge mno, maana katika kazi yetu anayeingia kimya hahesabiwi kuwa ameingia. Siku ya pili nikaja na shemeji yangu Baban na mpiga ngoma kubwa. Siku ya tatu tukaja wote kumi na mmoja, tumevaa rasmi, tukapanda ngazi zenu kwa wimbo wa kumpokea bwana harusi. Katika chumba cha pili kesi ya mpaka wa shamba iliahirishwa, na mashahidi wa pande zote mbili wakacheza pamoja ukumbini. Ndipo Bwana Phadnis akatoa kichwa dirishani akaniambia, kwa upole kabisa:

"Kaka Waghmode, mimi nakuona. Faili ndilo halikuoni. Linataka karatasi."

Mheshimiwa, nina kilo tisini na mbili. Faili lisiloniona mimi litaona nini?

2. Nilipokubali kuandika hiyo karatasi ya kufika, nikaambiwa haitoshi, lazima niweke na anwani ya kupelekewa taarifa. Nikaeleza kwa uaminifu kwamba miezi ya harusi mimi hupatikana hatua kumi mbele ya farasi wa bwana harusi, na kwamba tarishi wenu akifuata sauti hawezi kupotea. Bwana Phadnis aliweka kalamu chini. Kisha akasema farasi si anwani. Nikampa jina la farasi. Akanirudishia karatasi.

3. Siku hiyohiyo nikaarifiwa kwamba anayefika ni lazima ampe mdai taarifa siku hiyohiyo kuwa amefika. Mimi si mtu wa kuchelewesha mambo. Tulitoka mahakamani moja kwa moja hadi dukani kwa Mzee Shimpi, tukampa taarifa kwa nusu saa. Alitoka na futi yake shingoni, akatuomba tupige ule wimbo wa bibi harusi anapoaga kwao, na tulipoupiga akalia, kwa sababu binti yake ameolewa mbali. Alituagizia chai sote. Alipokwisha kufuta macho akanishika mkono.

"Gajanan, umenigusa moyo," akasema. "Lakini wakili wangu atataka maandishi."

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mimi nina utetezi, na ni mzuri. Zile sare zilikuwa ndogo. Mikono iliishia kwenye viwiko. Katika harusi ya kwanza Baban alinyoosha tarumbeta yake ya kuvuta, mshono ukaachana mbele ya wakwe, na vifungo vya mpiga ngoma viliruka, kimoja kikampata mjomba wa bwana harusi katika paji la uso. Nilipoanza kuyaeleza haya, Bwana Phadnis aliniomba nisimwambie. Alisema wakati wake haujafika. Kwanza nifike. Nikishafika, mdai ataniletea samansi nyingine, ya kuomba hukumu. Nikishaipata hiyo, ninazo siku kumi nyingine za kuomba, kwa kiapo, ruhusa ya kujitetea. Nikipewa ruhusa, ndipo niseme kwamba sare zilikuwa ndogo. Mke wangu Kusum si mtu wa kunisikiliza, lakini hata yeye hunisikiliza kwanza ndipo anihukumu.

5. Siku saba zilizobaki tulifika kila asubuhi, tukiongeza sauti, tukitumaini faili lina uziwi tu. Siku ya kumi na moja nikaonyeshwa yale maneno mawili. Wakati huohuo Mzee Shimpi hajakanyaga mahakamani hata mara moja. Yuko dukani kwake anakata suruali, na faili linamwona kila siku.

Bwana Phadnis, ambaye sina kinyongo naye, amenishauri niandike sababu ya kuchelewa, kwani mahakama yaweza kunisamehe nikiwa na sababu ya kutosha. Nimefikiri usiku na mchana. Sina sababu, kwa kuwa sikuchelewa. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba neno "hakufika" lifutwe na pawekwe "alifika, akasikika hadi sokoni". Kwamba tangu sasa mtu aweze kufika kwa sauti. Na kwamba yeyote aliyefika kwa karatasi peke yake, bila mwili, aandikwe hakufika mpaka apande zile ngazi kama sisi. Ikiwezekana, na faili lenyewe liletwe nje walau mara moja, tujuane.

Nakomea hapa, midomo ikiwa bado imevimba kwa kufika. Nisalimie waheshimiwa majaji wote, hasa wa chumba cha pili, na Bwana Phadnis, na tarishi wenu Sakharam anayependa wimbo wetu wa tatu, na mama wa chai wa pale langoni.

Wako mtiifu, aliyefika,
Gajanan Waghmode

Nyongeza: Ili usidhani nasema tu, naambatisha picha tuliyopigwa siku ya tatu kwenye ngazi zenu. Ni picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, nimeshaitia kwenye kadi zetu mpya. Hizo nyekundu zenye nyuzi za dhahabu ndizo sare za Mzee Shimpi. Tazama mikono inavyofika hadi kwenye kifundo cha mkono, bila kasoro. Ukweli zilitubana siku ile moja tu ya harusi ya kwanza, baada ya karamu. Nakala nyingine nimempelekea wakili wake leo hii, asije akasema hakupewa taarifa.