Swala Wenye Viatu vya Askari

Bandugu, leo nimekula gazeti. Sikusema nimelisoma. Nimelila, kwa meno, mchana kweupe, nimesimama kwenye geti la kapiteni. Sogeeni niwaeleze. Nyie mnaonijua kama fundi wa tablo, mchoraji wa picha, hodari kuliko wote hapa mtaa wetu wa Kenya (habari hiyo niliisambaza mimi mwenyewe), leo mtajua mnakaa na mtu gani.

Ile tablo yangu ya vita mnaijua. Wiki jana nilinunua kalanga sokoni, na yule mama akanifungia katika ukurasa wa gazeti la Ulaya. Nikala kalanga, nikakunjua karatasi, nikakuta picha ya vita vya Kolwezi. Askari wetu sita wanapita katika moshi. Kando ya ukuta kuna mtu amelala vile watu wasivyolala. Askari wa mbele amegeuka, anakutazama wewe. Usiku ule sikupata usingizi. Sisi hapa redio inatuambia tumeshinda, basi, halafu inapiga muziki. Kumbe kule Ulaya watu wanatuona tunavyokufa, wanafunua ukurasa, wanaendelea na kahawa yao.

Nikaikata ile picha, nikapigilia gunia la unga kwenye mbao, nikachora. Viatu, bunduki, moshi, yule mtu chini. Na macho ya yule wa mbele nilihangaika nayo siku mbili nzima. Jana nikaitundika kwenye ua, kati ya mamba-muntu wangu wawili (nusu mwanamke, nusu samaki, kila salo ya wageni mjini inamtaka). Watu walisimama mbele ya vita, wakatazama, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza bei. Na mimi mjinga nikawa najigamba kwa kila anayepita: "Nimeangalia ku gazeti ya Bulaya!" (Mdomo huu utaniua siku moja. Leo ulijaribu.)

Leo asubuhi, saa tatu, jeep ikasimama mbele ya ua wangu. Akashuka askari mmoja, mrefu, hana haraka. Majirani wote wakaingia ndani. Mlango hata mmoja haukulia.

"Sitwayen," akaniita, kama raia wote tunavyoitwa, "njo weye unachoraka tablo ya vita?"

"Hapana, shefu! Miye nachoraka tu banyama na mamba-muntu."

Nyuma yangu tablo ya vita inaning'inia, kubwa kama mlango. Askari aliitazama. Akanitazama mimi.

"Kapiteni anakuita ku nyumba yake, saa munane. Kuya na hii tablo. Na ile gazeti, kuya nayo."

Akapanda jeep, akaenda. Nikataka kukaa, nikakosa kiti, nikakaa chini. Mnamkumbuka yule fundi wa mtaa wa Katuba aliyeitwa na askari kwa dakika tano tu? Dakika zake tano zilimaliza miezi saba, na alirudi bila meno ya mbele. Alichora nini? Daraja lililovunjika! Mimi nina askari sita, maiti moja na gazeti ambalo ukikutwa nalo huulizwi mara mbili.

Mke wangu akatoka jikoni. Mama Feza anaogopa panya, lakini serikali haiogopi.

"Baba Feza, simama. Bafunike bale bantu. Uchore banyama juu yabo."

"Rangi haitakauka!"

"Basi uende na banyama babichi. Heri babo babichi kuliko weye kukaukia mu kasho, mu jela."

Maneno ya faraja, hayo. Nikashika burashi. Moshi ukawa mawingu. Maiti akawa kichuguu (Mungu anisamehe). Askari sita wakawa swala sita, na bunduki zao zikawa pembe. Kazi safi! Ila rangi ya kahawia iliniishia kwa swala wa nne. Wawili wa mwisho walibaki wamevaa viatu vya askari, vimefungwa kamba vizuri kabisa. Nikachora majani marefu mbele ya miguu yao. Majani yale yalikuwa machache.

Na ile picha? Mama Feza alisema niitie motoni. Sikuweza. Yule wa mbele alikuwa bado ananitazama. Nikaikunja mara nne, nikaificha ndani ya kiatu. Nyie mnasema nina akili.

Nikatembea kutoka Kenya mpaka mjini, tablo mbichi nimeishika mbali na mwili. Nilipofika kwenye ile nyumba ya kapiteni, nikakuta watu watatu wamesimama mbele ya geti, na mlinzi anawapekua.

"Toa biatu," anamwambia wa kwanza.

Mama yangu wee! Wa pili akainama kufungua kamba. Nikainama na mimi, nikaitoa picha kisirisiri, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Pa kutupa hapakuwa. Nikaitia mdomoni. Karatasi ya gazeti la Ulaya ni ngumu, bandugu, inateleza, na hii ilikuwa na mafuta ya kalanga na jasho la safari. Nikatafuna. Machozi yakatoka. Mlinzi akaniuliza, "Weye unalilia nini?" Nikatikisa kichwa tu, maana nilikuwa bado sijamaliza Kolwezi.

Nikaingizwa salo. Nilitegemea meza, taa, mtu na rungu. Nikakuta viti vya kitambaa, kapiteni amevaa shati la nyumbani, na pembeni mama mzee amejifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Geuza tablo," kapiteni akasema. Sauti ya chini.

Nikageuza. Swala sita. Mawingu. Kichuguu.

 Kapiteni akasogea, akainama penye majani.

"Huyu nyama anavaa biatu?"

"Iko... iko nyama ya mulima, shefu."

Askari wa mlangoni akakohoa. Alikuwa anacheka, namjua mtu anayecheka. Kapiteni hakucheka.

"Fundi, mudogo yangu alikufia Kolwezi. Photo yake hatuna, hata moja. Jana muntu alipita pa kwako, akaniambia: mudogo yako iko mu tablo, mbele ya bengine, anaangalia. Mama haikulala. Anataka kumuona mutoto yake. Iko wapi?"

Nikapiga magoti. Nikaonyesha swala wa kwanza.

"Na gazeti?"

"Nimeikula, shefu."

"Unasema?"

"Nimeikula. Pa geti."

"Fungua kinywa."

Nikafungua. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nimepiga magoti kwenye kapeti la watu, nimepanua mdomo, kapiteni ananichungulia. Kati ya meno kulikuwa na kipande cha moshi. Askari wa mlangoni alishindwa, akatoka nje, nikamsikia anacheka mpaka barabarani.

Mama mzee hakucheka. Alikuja, akaweka kidole kwenye shingo ya swala. Rangi ikafuatana na kidole, na chini yake likatokea jicho.

"Petroli," nikasema. "Petroli ya taa na kitambaa, mama. Ya chini ilikauka. Nitamutoa."

Vikaletwa, nikamfuta yule swala nikiwa nimepiga magoti. Likaja jicho la pili, ikaja kofia. Nikasugua mno, mdomo ukaondoka na rangi. Na pa kuuangalia tena sikuwa napo. Nikamuuliza mama kwa aibu kinywa cha mwanawe kilikuwaje.

"Alikuwa anachekaka," akasema. "Kila saa."

Basi kwa kidole na rangi mbichi ya kichuguu, nikachora askari anacheka katikati ya vita. Mama alitazama muda mrefu. Akaita jina lake, mara moja, polepole, kama unavyomwita mtu aje kula. Swala watano wengine akakataa nisiwaguse, akasema wamsindikize. Nililia, bandugu, na safari hii si kwa sababu ya karatasi.

Kapiteni alinisindikiza mpaka geti. Akasimama.

"Fundi, nani alikuambia nakuita juu ya kukufunga?"

"Hakuna muntu, shefu."

"Hakuna?"

"Hakuna."

Akatazama chini, akarudi ndani bila kuniaga.

Haya, chekeni sasa, nimewaruhusu. Lakini chekeni kwa sauti ndogo, serikali ina masikio. Yule bwana wa shati jeupe aliyekaa pale nyuma yenu, kuna mtu anayemjua?